Bao la Baba, Isongole

Leo si mishono, si hina, wala si bei za shela. Leo nataka tuzungumze bao, na naomba msinicheke.

Najua wengi wenu mkisikia bao mnawaona wanaume. Mnaona baraza, birika la kahawa, wazee wa Jaws Corner pale Mji Mkongwe wameuzunguka ubao, mmoja anacheza na kumi wanamwelekeza. Na maharusi ninaowashonea, wakija kupimwa, mkono huku na mkono kule, midomo hufunguka. Hakosi mmoja wa kuniuliza: da, huyu mchumba wangu anashinda barazani kwenye bao, nikiolewa nitamwona lini?

Jibu langu ni refu, ndiyo maana naliandika.

Mimi ni mtoto wa Unguja niliyeolewa nikaletwa Isongole, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Ukitoka Tunduma unapita Mpemba, unafuata lami mpaka inapoishia mpakani, ng'ambo ni Chitipa, Malawi. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ushonaji, na sasa nina duka langu la vyerehani vitatu. Mume wangu ni mfanyabiashara wa nafaka. Nilipokuja hapa sikuwa na ndugu, sikuwa na shoga, na baridi ya mwezi wa sita nilikuwa naisikia kwenye meno. Katika mizigo yangu ya harusi, chini ya kanga za kisutu, mlikuwa na bao la mti wa mninga. La baba.

Baba alinifundisha nilipokuwa darasa la sita, kwa sababu miguu ilimwuma akawa hawezi tena kwenda barazani. Kaka zangu walikuwa mpirani. Nikabaki mie. Mama alikuwa akipita anasema mtoto wa kike huyu ataolewa na nani, baba anamjibu zamu si yako.

Kwa wasiolijua, nitaeleza kidogo. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, mbili zako na mbili za mwenzio. Kete ni 64. Kila mmoja anapanga kumi tu: sita kwenye nyumba, yaani lile shimo la mraba la safu ya mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zilizobaki 22 unazo mkononi na unaziingiza moja moja kila zamu. Huko ndiko kunamua. Zikisha mkononi mnaingia mtaji, mnacheza na zilizomo ubaoni tu. Shimo lako la mbele likiwa na kete na la mwenzio linalolikabili nalo lina kete, unazila zake na kuzipanda upande wako kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia penye wenzake unaendelea, ikiangukia shimo tupu umelala. Anayemalizikiwa kete safu ya mbele amefungwa.

Sasa sikilizeni utamu wake. Katika bao hakuna kete inayokufa. Ukiliwa, kete zako zinahamia kwa mwenzio, zinamfanyia kazi yeye, na kesho unaweza kuzirudisha zote. Nimewahi kubaki na kete za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja upande wa mbele, mwenzangu kashaanza kujinyoosha, kisha ikapatikana kete moja iliyozunguka, ikala, ikazunguka tena, ikala, mpaka ubao ukageuka. Hiyo raha siwezi kuilinganisha na kitu. Labda ile ya kukata kitambaa cha bei mbaya na vipande vyote vikaenea.

Na ushonaji umenisaidia. Fundi anaiona nguo kabla ya kushika mkasi. Bao nalo linataka uione safari yote ya kete kabla ya kuigusa, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa sababu ukishaweka umeweka. Yuko Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikaa na mabingwa wa Zanzibar akaandika kitabu kizima kuhusu akili zao, kilitoka 1995. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao. Kwa hiyo wanaoliona ni mchezo wa wavivu, nawasalimia.

Lakini linakera! Tena linakera hasa. La kwanza, kula ni lazima. Ukiweza kula hutakiwi kuchagua, hata kama unaona kwa macho yako kwamba mlo huo utakumaliza. Mchezaji mwerevu anakuandalia karamu, na wewe huna ruhusa ya kusema nimeshiba. La pili ni hiyo nyumba. Unailinda, unaijaza, ikifika kumi na zaidi unaogopa kuigusa. Kete yako ya mwisho ikiingia humo wakati wa kunamua una hiari: ulale, au uisafirishe yote. Ukiisafirisha mapema umetapanya, ukichelewa mwenzio anakuja kuila nzima. Nina miaka zaidi ya 20 na bao na mpaka leo nyumba inanitoa jasho. La tatu ni kufungwa mkononi, yaani umeshafungwa na kete za kunamua bado unazo kiganjani. Unazitazama hujui uziweke wapi.

Mtoto wa kaka yangu alikuja likizo na laptopu yake, ananiambia shangazi, achana na mashimo, cheza hili. Lilikuwa Heroes of Might and Magic III, geimu la 1999 la kampuni ya New World Computing ya Marekani. Nalo ni la zamu. Kila zamu ni siku moja, siku saba ni wiki, na kila wiki ikianza majeshi mapya yanapatikana kwenye miji yako, mazimwi, malaika, mifupa inayotembea, mambo ya hadithi za bibi. Mji unajenga jengo moja tu kwa siku. Nikamwona kijana anasema siku moja tu shangazi, namaliza hii wiki, na alfajiri ikamkuta palepale. Utamu wake niliuelewa mara moja: kupanga, kungoja, kuona ulichopanda jana kinaota. Ila linaruhusu kuhifadhi mchezo kabla ya vita, ukipigwa unarudi ulipokuwa kama hakuna kilichotokea. Hapo ndipo lilinipotea. Na uliyemfunga hana uso. Mie nataka kumwona mtu anavyomeza mate.

Tuje kwa mume wangu.

Miezi ya mwanzo alikuwa akitoka Magharibi anakwenda kwenye baraza la madereva wa malori, anarudi nimeshalala. Sikugombana. Usiku mmoja nililitoa bao la baba, nikalifuta kwa mafuta ya nazi, nikaliweka juu ya mkeka na kahawa pembeni. Akacheka, akakaa. Nikamfunga. Akasema ni mkosi. Nikamfunga tena. La tatu hakusema kitu, alizikusanya kete taratibu, akazitia kwenye mfuko wake, akaenda kulala. Kesho yake alirudi barazani. Bao likakaa chini ya kitanda wiki tatu, na katika wiki hizo tulikuwa tunazungumza habari za unga na mkaa tu.

Wapenzi, ilikuwa kubwa kuliko mchezo. Nilikuwa mgeni wa mji, na mtu wangu mmoja tu hanitazami usoni.

Nikampigia somo wangu Unguja. Akaniambia, mwanangu, mpe mmoja. Mume hupewa. Utapungukiwa nini?

Nilimheshimu lakini sikumtii, na hapa ndipo ninapotofautiana na masomo wengi. Bao si karata. Hakuna kinachofichwa mkononi kikageuzwa. Kete zote ziko wazi mbele ya macho mawili yanayojua kuhesabu, na mchezaji wa baraza kama mume wangu angeona papo hapo kwamba nimeacha njia ya kula kubwa nikachukua ndogo. Kumpa mchezo mtu wa namna hiyo ni kumwambia wewe ni mtoto. Baba alipokuwa hajiwezi, anakunywa dawa kwa kijiko, sikumpa hata mmoja, na alikuwa akinifunga kwa haki yake mpaka mwisho.

Aliyevunja kimya ni yeye. Umeme ulikatika, tukakaa na kandili, akauliza ghafla, lile la tatu ulinifungaje? Nikalipanga upya kutoka kichwani. Tukaona kwamba anasafirisha nyumba mapema, kwa sababu barazani watu wanapiga kelele, anayefikiri sana anazomewa, kwa hiyo amezoea kucheza kwa mbwembwe. Nyumbani hakuna wa kumzomea. Tulilirudia lile bao moja mpaka mafuta ya kandili yakaisha. Mwaka huu Shaaban alinifunga mkononi, na akatoka nje kumpigia ndugu yake simu kumweleza. Nilimsikia.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alishtuka. Bao? Mwanamke? Na kamari? Swali lake lilikuwa la haki, na mume wangu akalipeleka kwa ustadhi wa msikiti wetu. Kamari imekatazwa, Suratul Maida aya ya 90 iko wazi, na mchezo wa nardi, ule wa dadu, una hadithi yake katika Sahih Muslim. Lakini ustadhi akatuonyesha kwamba wanachuoni wetu wa Kishafii waliutaja hata mchezo wa mashimo na vijiwe. Ibn Hajar al-Haytami, wa karne ya 16, katika Tuhfat al-Muhtaj, anapima kwa kigezo cha hesabu: unaotegemea kuhesabu na kufikiri si haramu. Masharti yake ni kutoweka dau, kutoipitisha sala, na kuchunga ulimi. Dau hatuna. Sala ikiadhiniwa tunaacha kete zilipo. Hilo la ulimi ndilo zito, maana bao bila kejeli halinogi, na mume wangu ana maneno.

Kwa hiyo bibi harusi wangu, sikuambii kwamba ukijifunza bao mume hatatoka. Wangu bado anakwenda barazani Jumamosi, na simkatazi, kule ana watu wake na habari zake za bei za mahindi. Ila siku nyingine tuko mkekani, na ninayajua mambo ya biashara yake ambayo hakupanga kuniambia, kwa sababu mtu anayehesabu kete husema lililomo moyoni bila kujua.

Na bao halikai ndani tu. Tulipohama nyumba tulipoteza komwe moja. Mkomwe ni mti wa pwani, huku Ileje nitaupata wapi? Nikatia kifungo cha koti cha kahawia, chenye matundu manne. Kikianguka shimoni kinalia tofauti, na kila mchezaji anajikuta anakifuata kwa macho kinahamia kwa nani. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Chitipa kupima gauni la harusi ya mwanawe. Akaona ubao juu ya meza ya kukatia. Bawo! akasema, na kiti akajivutia mwenyewe. Lugha yetu ilikuwa nusu Kiswahili nusu vidole. Alicheza haraka, hakugusa nyumba mpaka mwisho, kisha akaisafirisha mara moja, kifungo changu kikaenda nayo, na safu yangu ya mbele ikawa tupu.

Gauni lake liko tayari tangu Jumatatu. Nimempigia, amesema atakuja Alhamisi asubuhi, na ameniomba saa hiyo nisimpange mteja mwingine.