Tashbihi Iliyoota Mbawa

Katika Kiswahili chetu tunalo jina la visahani virukavyo, na sote tunalifahamu, hata sisi ambao hatujapata kuviona. Tulilipokea kutoka ng'ambo kwa njia ya magazeti na redio, tukalitia katika maongezi ya barazani bila ya kuuliza limezaliwaje. Mimi nimelifuatilia kwa mapenzi ya ushairi zaidi kuliko mapenzi ya anga. Nilitaka kumjua mtu wa kwanza aliyeona sahani ikiruka. Nilichokipata ni kuwa mtu huyo hayupo. Jina limetokana na tashbihi, na tashbihi yenyewe haikuhusu umbo la sahani hata kidogo.

Alasiri ya tarehe 24 Juni 1947, mfanyabiashara wa Kimarekani aitwaye Kenneth Arnold alikuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na mlima Rainier, katika jimbo la Washington. Alikuwa safarini, ila alijipa muda wa kuitafuta ndege ya wanajeshi iliyopotea milimani, ambayo atakayeigundua alikuwa ameahidiwa dola 5,000. Mara mwanga ukampiga machoni. Akaona vitu tisa vikienda kwa mfuatano, vikilalia upande huu na upande ule, vikimetameta kila vilipopinduka juani. Hakuwa mtu wa pupa. Alifungua dirisha ili ahakikishe kuwa si kioo kinachomlaghai. Akatazama saa: vitu vile vilikata masafa baina ya mlima Rainier na mlima Adams kwa dakika 1 na sekunde 42. Hesabu ikampa mwendo wa maili 1,700 kwa saa. Akaona hayumkini, akaupunguza hadi 1,200, na hata hapo ulibaki kuwa mwendo ambao hakuna rubani aliyekuwa ameufikia, kwani ndege ya kwanza kuthibitishwa kuwa imeupita mwendo wa sauti katika safari ya usawa iliruka Oktoba ya mwaka ule ule.

Siku ya pili yake akawaeleza waandishi wa gazeti mjini Pendleton, Oregon. Akasema kuwa vitu vile vilikwenda kama kisahani ukikirusha juu ya maji. Mtoto yeyote aliyekulia ufukweni anaijua picha hiyo: unaokota kigae, unakirusha kwa ubapa wake, kinagusa maji na kuruka, kinagusa na kuruka, hadi kinapozama. Waliosoma balagha huuliza kwanza wajhu sh-shabahi, yaani lile jambo ambalo vitu viwili vinafanana kwalo. Kwa Arnold jambo hilo lilikuwa mwendo. Umbo alilolichora katika maelezo aliyowapelekea wakuu wa jeshi la anga halikuwa la sahani: lilikuwa mviringo kwa mbele, na nyuma likimalizikia kwa ncha butu. Magazeti yakakichukua kisahani, maji yakayaacha.

Kilichofuata ndicho kinachonishughulisha. Katika wiki chache tu mamia ya watu nchini Marekani, marubani na wakulima, askari na wake majumbani, walitoa khabari ya kuona vyombo angani, na wengi wao waliona duara bapa, linalong'aa, mfano wa sahani. Mshairi akisema mpenzi wake ni mwezi, hatuendi kutafuta ngazi. Hapa taifa zima lilikwenda kutafuta ngazi. Mwaka 1950 Arnold alimweleza mtangazaji Edward R. Murrow kuwa magazeti hayakumfahamu na yamemnukuu visivyo, lakini nani tena alikuwa na haja ya kumsikiliza? Tashbihi ilikuwa imeshaota mbawa.

Sisemi kuwa watu wale walisema uwongo. Wala siamini kuwa Arnold aliona ndege aina ya mwari tu, kama walivyodai baadhi ya wataalamu waliokuja baadaye, ingawa dai hilo si la kuchekwa: mwari ni ndege mkubwa mweupe, na macho ya binadamu hayana rula ya kupimia umbali wa kitu asichokijua ukubwa wake. Nisemalo ni hili: shahidi wa angani hutupa vitu viwili kwa pamoja, kile alichokiona na kile alichokifananisha nacho, na zama zake ndizo zinazomkopesha cha pili.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa askari. Mwishoni mwa mwaka 1944 marubani wa kikosi cha 415 cha ndege za kivita za usiku za Marekani, waliokuwa na kituo chao Dijon, Ufaransa, walikuwa wakiruka juu ya bonde la mto Rhine wakiwasaka Wajerumani. Mwezi Novemba, karibu na Strasbourg, baadhi yao waliona mianga minane hadi kumi imejipanga mstari, myekundu kama makaa, ikienda kwa kasi. Rada haikuonyesha kitu. Walipoielekea, ikapotea, kisha ikatokeza mbali. Waliporudi chini walisita kuandika ripoti, kwani walichelea kuchekwa au kupelekwa kwa daktari wa akili. Lakini usiku mwingine ukaja na mianga mingine, na wenziwao nao wakaiona, hata ikawabidi waipe jina. Mmoja wao, mwendesha rada, alikuwa mpenzi wa katuni za gazetini za mzimamoto aitwaye Smokey Stover, ambaye neno lake la kipuuzi lilikuwa "foo". Basi mianga ile ikaitwa "foo fighters". Vijana waliokuwa wakikikabili kifo kila usiku, kitu kilichowatisha walikipa jina la mzaha. Napenda jina hilo kuliko mengine yote katika khabari hizi, kwa sababu halidai kujua chochote.

Januari 1953, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikusanya jopo la wanasayansi chini ya H. P. Robertson ili walipime suala la vyombo visivyotambulikana. Walipofika kwenye mianga ile ya vita walikiri kuwa haijapata maelezo ya kukata shauri. Huenda ni umeme wa hewani wa namna ile ambayo mabaharia huuona ukiwaka kwenye ncha za milingoti, huenda ni mwanga ulioakisiwa na chembe za barafu. Kisha wakaongeza kauli niliyoistaajabia kuikuta katika waraka wa serikali: kwamba lau jina la visahani lingekuwa linavuma katika miaka ya 1943 hadi 1945, mianga hiyo nayo ingeitwa visahani. Hilo ni jambo la mhakiki wa fasihi, na limesemwa na wanafizikia.

Ukirudi nyuma utayaona hayo hayo. Asubuhi ya tarehe 14 Aprili 1561 watu wa Nuremberg, Ujerumani, waliona karibu na jua matufe, misalaba, bomba na kitu kirefu cheusi mfano wa mkuki. Hans Glaser akaichora tamasha hiyo na kuichapisha, akiwataka watu watubie. Mwaka 1897 Wamarekani waliona merikebu za angani zenye taa. Mwaka 1909 Waingereza waliona vyombo vya anga usiku na wakahofu kuwa ni vya Wajerumani. Mwaka 1946 zilitolewa nchini Sweden ripoti takriban 2,000 za makombora yasiyo na mwenyewe, na hofu ikawaelekea Warusi. Sehemu kubwa ilikuwa vimondo. Wazee wetu nao, kimondo kilipopita, walisema shetani amepigwa kwa kujaribu kusikiliza yasemwayo mbinguni. Kila kaumu ilitazama juu ikiwa na kamusi yake mkononi.

Hapa ndipo ninapoachana na kundi mbili zinazoteta juu ya mambo haya. Moja humwamini shahidi moja kwa moja, pamoja na tashbihi yake. Jengine humcheka, na kwa kuicheka tashbihi humnyang'anya hata lile aliloliona kwa macho yake. Sisi watu wa visiwani tunayo desturi ya tatu, na sijui kwa nini hatuitaji tunapozungumzia khabari hizi. Nayo ni ushahidi wa mwezi mwandamo.

Anayeuona mwezi hapewi mkono wa heri hapo hapo, wala haambiwi kuwa ana kichaa. Anaulizwa. Umeuona wapi, kulia au kushoto kwa jua lilipochwea? Ulikuwa na kimo gani? Pembe zake zimeelekea wapi? Ulikuwa na nani? Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mvuvi, aliwahi kwenda kutoa ushahidi huo pamoja na mwenzake wa ngalawa. Wakatenganishwa na kuulizwa, na khabari ya pembe ikatofautiana. Ushahidi haukupokewa. Lakini walinyweshwa kahawa, wakaombewa dua, na wala hapana aliyewaita waongo. Mjomba alifunga siku ya thelathini kama watu wengine, na hadi anakufa alisema kuwa aliuona. Najua kuwa suala la mwandamo limezigawa nyumba zetu, na pana familia husherehekea Idi mbili chini ya dari moja. Hata hivyo masuali yale yalikuwa masuali mazuri. Hayakumuuliza shahidi anaamini nini. Yalimuuliza pembe.

Jeshi la Marekani lilikuwa na masuali pia, na lilikuwa na fomu zake. Mradi wake mkubwa, Blue Book, uliofungwa mwaka 1969, ulihesabu ripoti 12,618 tangu mwaka 1947, na 701 zikabaki bila ya kutambuliwa. Kasoro ilikuwa kwamba muulizaji naye alikuwa anaficha. Julai 1947 karibu na Roswell, New Mexico, yaliokotwa mabaki ambayo jeshi lilisema mwanzo ni ya kisahani kirukacho, kisha likasema ni ya puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 ndipo lilipoeleza kuwa yaelekea yalikuwa mabaki ya maputo ya mradi wa siri ulioitwa Mogul, uliokusudiwa kusikiliza toka juu angani milipuko ya nyuklia ya Warusi. Ripoti ya ofisi ya wizara ya ulinzi ya Marekani inayochunguza mambo haya, iliyotolewa Machi 2024, haikukuta ushahidi wa viumbe kutoka sayari nyengine, ila ilikuta kuwa baadhi ya yaliyoonekana yalikuwa vyombo vya siri vya serikali yenyewe. Kwa hiyo palikuwa na raia aliyeona kitu cha kweli, akakieleza kwa uaminifu, na ofisi iliyomjibu kuwa ameona nyota ilikuwa jirani na ofisi iliyokirusha.

Gharama yake si ya maneno tu. Tarehe 7 Januari 1948, Kapteni Thomas Mantell, kijana wa miaka 25, aliombwa aende kutazama kitu cheupe kilichoonekana juu ya kambi ya Godman, Kentucky. Alipanda na ndege yake aina ya Mustang akikifuata, akieleza kwa redio kuwa ni kitu kikubwa mno, mfano wa chuma. Hakuwa na hewa ya oksijeni. Alipita futi 20,000, akazimia, na ndege ikaanguka. Kwanza walisema alifukuza nyota ya Zuhura. Maelezo yanayokubaliwa zaidi sasa ni kuwa alifukuza puto kubwa la utafiti la jeshi la majini, aina iitwayo Skyhook, ambalo yeye, askari wa jeshi jengine la nchi hiyo hiyo, hakuwa na ruhusa ya kulijua.

Na sisi Unguja tumo katika hadithi hii. Kuanzia mwaka 1960 Wamarekani walijenga Tunguu kituo cha kuwafuatilia wanaanga wao wa mradi wa Mercury. Palisimamishwa minara na mitambo ya kunasa sauti, na mjini pakazuka upinzani mkali: wapo waliohofu kuwa ni kituo cha makombora. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo kikaondoshwa. Wenye hofu ile hawakuwa wajinga. Walikiona chuma kigeni katika zama za vita baridi, wakakifananisha na kile ambacho zama ziliwakopesha.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, askari wa majini, aliizunguka dunia mara tatu, na sauti yake ikapokewa hapo Tunguu alipokuwa akipita juu yetu. Upande wa pili wa dunia, juu ya bahari ya Pasifiki, jua lilipomchomozea kwa mara ya kwanza, alitazama nje akaona maelfu ya chembe zinazong'aa zimekizunguka chombo chake, zikielea taratibu. Akasema ni kama vimulimuli. Hakusema ni vimulimuli, na alilirudia neno "kama". Waliokuwa chini hawakujua wamjibu nini. Inasimuliwa kuwa aliporudi, daktari wa akili alimuuliza kwa mzaha vimulimuli hivyo vilimwambia nini.

Tarehe 24 Mei ya mwaka huo huo Scott Carpenter alipita njia ile ile, naye akaviona. Safari ikikaribia mwisho, mkono wake ukagonga mlango wa chombo kwa ndani, na nje ya dirisha wingu la vimulimuli likatimka. Akagonga tena kwa makusudi, vikatimka tena. Ilikuwa ni sakitu iliyogandia kwenye ubavu wa chombo, ikibanduka na kupata jua.