Mzee, Nimepasua Ubao

Ijumaa moja usiku mdogo wangu alinipigia simu akiwa bado ofisini.

"Dada, nimefuta data."

Alikuwa na miezi minne tu kazini, kwenye kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayotengeneza mifumo ya mauzo ya maduka ya dawa. Alikusudia kufuta jedwali la majaribio, akafuta la kweli. Mauzo ya siku nzima ya maduka kadhaa yakaenda na maji. Bosi alikuwa ameshaondoka.

Nilimuuliza swali moja tu: "Kuna aliyeona?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza kwanza. Rekebisha wikendi hii, Jumatatu hakuna atakayejua."

Mimi ni mwandishi wa habari. Nalipwa kuwauliza watu wazima kwa nini walificha. Lakini usiku ule sikuwa mwandishi, nilikuwa dada mtu, na nilikuwa nafikiria ada za chuo ambazo mama alizilipa kwa kukaanga na kuuza samaki Bagamoyo.

Mdogo wangu alinisikiliza. Jumamosi na Jumapili alihangaika peke yake, na katika kurudisha nakala rudufu akaifuta hata ile iliyokuwa nzima. Jumatatu asubuhi wenye maduka wakaanza kupiga simu. Jumatano hakuwa na kazi. Bosi alimwambia, "Kufuta ningekusamehe. Ijumaa ileile tungeirudisha. Siku mbili za kunyamaza ndizo siwezi."

Akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata nikapanda basi la Bagamoyo pale Makumbusho. Tegeta, Bunju, Mapinga, njia nzima natafuta namna ya kumwambia mama kwamba ule ushauri ulikuwa wangu. Nilifika sijaipata.

Jioni tulishuka pwani, mimi na yeye, hadi pale mafundi wanapotengeneza vyombo. Fundi mzee alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha jahazi, na kijana wake alikuwa upande wa pili na patasi. Tukasikia mlio wa mti kupasuka. Kijana hakutazama kulia wala kushoto. Aliita palepale:

"Mzee, nimepasua ubao."

Mzee akainuka taratibu, akapitisha kidole kwenye ufa, akauliza umeanzia wapi na umeishia wapi. Kisha akasema ukatwe, kipande kizima kitafaa kwingine. Kazi ikaendelea.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kama hakukasirika.

"Nimekasirika, mwanangu. Ubao ni pesa. Lakini angeuziba kwa kalafati na kunyamaza, ungekuja kunifungukia baharini."

Mdogo wangu hakusema kitu mpaka tulipofika mbali kidogo. Ndipo akanisimulia habari ya GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandika programu wa dunia nzima. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wao mmoja alifuta data kwenye seva siyo yenyewe, na takribani gigabaiti 300 zikaondoka kabla hajawahi kuizuia amri yake. Nakala walizozitegemea hazikufaa. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali, na kilichoingia ndani ya saa hizo kikapotea. Lakini waliandika kila hatua hadharani wakati kazi ya kuokoa inaendelea, na wakaionyesha moja kwa moja YouTube. Yeyote duniani aliweza kuwatazama wakihangaika.

"Hiyo nilikuwa naijua tangu chuo," akasema. "Nilidhani ni ya wakubwa."

Chuoni walimfundisha hifadhidata, mitandao na lugha tatu za programu. Hakuna aliyemfundisha kuandika ujumbe unaoanza na "nimekosea", na mimi, ambaye maneno ndiyo kazi yangu, nilimfundisha kinyume chake.

Usiku ule tulikaa barazani na laptopu yake tukaandika ripoti ambayo ingepaswa kuandikwa Ijumaa ile. Mambo manne: nini kimetokea, saa ngapi, nani ameathirika, nini kimefanyika na nini bado. Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi: "Kulitokea hitilafu ya kimfumo ambapo data ilifutika."

Nikalipigia mstari neno la mwisho. Ilifutika. Kiswahili chetu kina maficho mazuri kwenye kauli ya kutendeka. Sahani imevunjika, gari limeharibika, na mtenda hayupo. Mtoto wa miaka mitatu anayajua maficho hayo. Kwenye magazeti nayo tunayatumia. Niliwahi kuandika kwamba takwimu "zilichanganyika", wakati nilizichanganya mimi mwenyewe kwa haraka ya kuwahi muda.

Akafuta, akaandika: "Saa moja na dakika kumi jioni nilifuta jedwali la mauzo nikidhani ni la majaribio." Akaisoma kwa sauti. Sentensi ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, na ilimchukua muda mrefu zaidi.

Mama alitoka ndani akauliza tunaandika nini usiku wote huo. Nikamwambia. Nilianza na "alishauriwa vibaya", nikajisikia, nikarudia: "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze." Hakunijibu. Alituletea chai, akaenda kulala. Kesho yake hakuongea nami mpaka saa ya kuondoka, aliponifungia samaki kwenye gazeti nipeleke Dar.

Ripoti tuliituma kwa bosi wa zamani. Alijibu kwa mstari mmoja: "Nimepokea, asante." Kazi hakuirudisha, wala hatukuiomba. Miezi mitano baadaye, kwenye usaili wa kampuni nyingine, mdogo wangu aliulizwa kama amewahi kuharibu kitu kazini. Akawaeleza saa, jedwali, na zile siku mbili. Wakamchukua.

Mwezi uliopita alinipigia tena, jioni, sauti ileile ya haraka.

"Dada, leo nimeharibu kitu."

Moyo ukanipasuka. Nikamuuliza, "Bosi wako anajua?"

"Nimemwambia yeye kwanza. Wewe nakwambia tu."