Kiingereza cha Kreta

Mtoto wa Karatu hukua katikati ya lugha nyingi. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiiraqw. Siku ya mnada walishuka Wamaasai kutoka Ngorongoro, wakaja Wadatoga kutoka ukanda wa Ziwa Eyasi, na ukienda Mangola msimu wa vitunguu ulikutana na Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za vidoko haijapatiwa ndugu wa uhakika popote duniani. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha sote, na ndicho tulichofundishiwa shule ya msingi, kama ilivyokuwa nchi nzima tangu mwisho wa miaka ya 1960. Kiingereza kilikuja mwisho, tena kwa kishindo. Tulipoingia kidato cha kwanza, mwalimu wa baiolojia alifungua mdomo kwa lugha tuliyoijua kama somo la salamu na majina ya vyombo, na tangu asubuhi ile elimu yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, ikapitia humo.

Ilikuwa miaka ya 1980, wakati hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Kitabu kimoja kilizunguka darasa zima. Mwalimu aliandika ubaoni orodha ya maneno, sisi tukayanakili daftarini, maana upande wa kulia, na Ijumaa tukayatapika kwenye jaribio. Mimi niliyapenda mno maneno hayo, hasa marefu. Nilijua kuandika neno la Kiingereza la mnyama mwenye kwato kabla sijamtazama hata punda wa jirani yetu kwa makini. Jioni nilikaa karibu na redio ya baba mdogo kusikiliza Sauti ya Amerika, ile idhaa ya Kiingereza cha polepole iliyoanza 1959 na kujifunga kwenye msamiati wa maneno kama 1,500 hivi. Habari za dunia nzima zilisimuliwa kwa maneno hayo machache, nami nikaelewa karibu zote. Nilistaajabu kwamba vita, uchaguzi na safari za angani viliweza kuelezwa kwa akiba ndogo hivyo.

Mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na watalii waliozoea kuingia kupitia Nairobi wakapungua sana. Ulifunguliwa tena 1983. Nilipomaliza shule, Land Rover za wageni zilikuwa zimeanza kuonekana tena kwenye barabara ya vumbi kutoka Makuyuni, zikipanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu. Nilipata kazi ya utingo na kusaidia jikoni kambini. Dereva wangu alikuwa mzee aliyeshuka kreta ya Ngorongoro tangu ujana wake. Kiingereza chake kilikuwa kifupi, lakini wageni walinyamaza akisema. Siku moja nilimwamkia, nikamwuliza siri yake ni nini.

"Kijana wangu," akasema, "wewe una maneno mengi kuliko mimi. Sasa anza kuangalia."

Nikaanza kuangalia. Kreta ni shule ya ajabu kwa kazi hiyo. Sakafu yake ina kilomita za mraba kama 260, kuta zake zinapanda mita 600 hivi, na mtu anayeshuka Seneto asubuhi, akala chakula cha mchana Ngoitokitok na kupanda kupitia Lerai jioni, amepita kwenye nyasi, maji ya magadi, vinamasi na msitu wa migunga ya njano katika siku moja. Niliona dume la nyumbu likibaki peke yake kwenye kipande cha ardhi huku makundi yakija na kupita; likirukaruka, likipiga magoti na kusugua uso ardhini, likiwafukuza madume wenzake na kuwazuia majike wasitoke. Niliona hayo msimu baada ya msimu bila kuwa na la kusema zaidi ya kwamba nyumbu yule ni mkali.

Kisha mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, akaniachia kitabu cha Richard Estes kuhusu tabia za wanyama wa Afrika, kilichotoka 1991. Estes aliishi humu humu kreta miaka ya 1960 akiwachunguza nyumbu. Nilikisoma kwa taa ya chemli, kamusi pembeni, na kwenye ukurasa wa nyumbu neno territorial likakuta mahali pake pameshaandaliwa. Halikuhitaji kukaririwa. Nilikuwa nimemjua mwenye jina kwa miaka, nikapewa jina lake. Tangu hapo sikujifunza tena neno kwa njia nyingine yoyote ambayo ilidumu.

Kitabu kile kilinifungulia pia mlango ambao shule haikuugusa, kwamba maneno ya kisomi ya Kiingereza mengi yameundwa kwa vipande vya Kilatini na Kigiriki, na ukivijua vipande unayavunja mwenyewe. Herbivore, carnivore, insectivore: Kiswahili hujenga vivyo hivyo, mla majani, mla nyama, mla wadudu. Sisi tuliolelewa na viambishi, tunaosema tembea, tembeza, tembelea, tembeleana bila kufikiri, tuna masikio yaliyokwisha funzwa kazi hiyo. Ninaamini kwa dhati kwamba kama walimu wangeanzia hapo, kwenye Kiswahili cha mtoto, nusu ya hofu ya Kiingereza ingekwisha kidato cha kwanza.

Fisi ndiye aliyenifundisha uzito wa neno. Wageni wengi hufika wakiwa na simba mtukufu na fisi mwizi vichwani mwao. Hans Kruuk, katika utafiti wake alioutoa 1972, alionyesha kwamba fisi wa Ngorongoro huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba mara nyingi ni simba anayefika baadaye kunyang'anya. Kumwita fisi scavenger, na kuishia hapo, ni kumwonea. Nimesimamisha gari mara nyingi mbele ya simba anayekula na fisi waliozunguka, nikawauliza wageni nani kaua. Wote hunyoosha kidole kwa simba. Ndipo ninapoeleza, taratibu, na ninaona nyuso zikibadilika.

Mwaka 2007 Ol Doinyo Lengai ulilipuka. Matetemeko yalianza Julai, yakasikika hadi Arusha na Nairobi, na Septemba majivu yakapanda angani. Ghafla kila gari lilijaa maswali. Ilibidi kutofautisha mlima uliokufa, uliolala na ulio hai, na kueleza kwamba Lengai ndio volkano pekee duniani iliyo hai inayotoa lava ya kabonatiti yenye sodiamu nyingi, nyeusi inapotoka na nyeupe ikikaa. Ilibidi pia kueleza kwamba kreta tunayoshuka ni kaldera, kilele cha mlima mkubwa kilichojiporomokea zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Madereva wa Karatu tulikutana jioni kwenye mabenchi ya chai na kupeana maneno hayo mdomo kwa mdomo. Anayejua alimfundisha asiyejua, na hakuna aliyelipwa.

Vigumu zaidi vilikuwa vitabu vya zamani vilipogusa watu. Maelezo tuliyorithi kuhusu Wahadzabe yaliwaita watu wa kale, watu wa porini, mabaki ya zama za mawe. Nimekaa nao bondeni Yaeda na kando ya Eyasi. Ni watu wa leo, wenye ugomvi wa leo juu ya ardhi na maji. Nikaondoa primitive kinywani mwangu kabisa. Nikatafuta maneno yanayoeleza kazi yao, kuwinda, kuchimba mizizi, kufuata asali, bila kuwapokonya karne wanayoishi. Hapo ndipo nilipoona msamiati wa juu una kazi gani.

Vijana wa sasa hawana shida ya maneno. Barabara ya lami imefika geti la Lodoare tangu miaka ya 2000, simu iko mfukoni, na binti wa miaka ishirini anaweza kusikiliza mtafiti akisema kuhusu faru weusi kabla hajaamka kitandani. Wanatamka vizuri kuliko sisi, wengine wanaongeza Kijerumani, Kihispania na Kichina. Ninawafurahia sana. Wanapokuja kwangu jioni ninawapa zoezi moja: waniambie jambo waliloliona leo, kwanza kwa Kiswahili, kwa ukamilifu, na baada ya hapo tu kwa Kiingereza. Wengi hukwama kwenye Kiswahili.

Swali wanaloniletea zaidi tangu 2022 ni la Msomera. Wageni wanaona maboma ukingoni mwa kreta, wamesoma habari, wanauliza gari likiwa kwenye mwendo: watu hawa wanahamishwa? Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa 1959 ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja, na baadhi ya familia zilizomo zilitolewa Serengeti wakati ule ule. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Mashirika ya haki za binadamu, na Wamaasai wengi, wanasema huduma zilipunguzwa hadi watu wakakosa la kuchagua. Kiingereza kina neno kwa kila msimamo, voluntary relocation kwa mmoja, eviction kwa mwingine, na kijana akichukua la kwanza linalomjia ulimini ameshatoa hukumu bila kujua.

Ninawaambia wayajue yote mawili, wajue nani hulitumia lipi na anategemea ushahidi gani, na wamweleze mgeni hivyo hivyo. Kisha ninawauliza kama wameshaongea na familia hata moja iliyobaki, na moja iliyokwenda.