Mbwa Aliyevunjika Jino

Palikuwa na mkulima mmoja katika milima ya Uluguru, mwenye shamba la mahindi karibu na msitu, na mbwa wake aliitwa Simba. Mbwa huyu alikuwa mlinzi hodari. Usiku aliwafukuza nguruwe mwitu, na alfajiri aliwabwekea tumbili kabla hawajashuka mitini. Mwenye shamba karibu na msitu ajua thamani ya mnyama wa namna hii. Asiyekuwa naye hulala shambani mwenyewe, juu ya dungu, katika baridi na mvua, hata siku ya mavuno.

Siku moja Simba aliua kuku wa jirani. Mkulima akalipa kuku, kisha akanunua mnyororo wa chuma, akawa akimfunga mbwa mchana kutwa chini ya mwembe na kumfungua jua likichwa. Mbwa hakuupenda mnyororo. Kila siku aliutafuna na kuuvuta kwa meno, na mlio wake ulikuwa kama wa mtu anoaye panga. Watu wa nyumbani waliusikia hata wakauzoea, wala hapakuwa na mmoja aliyekwenda kutazama.

Miezi mingi ikapita. Hata jioni moja mbwa akaletewa ugali na dagaa, akaunusa, akala kidogo kwa upande mmoja wa kinywa, tonge likamwanguka, akaenda kulala. Udenda ulikuwa ukimdondoka. Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Jirani alipouona udenda ule akapiga kelele, "Mbwa ana kichaa! Mwueni kabla hajamwuma mtoto!" Watu wakaja mbio na marungu.

Watu hao si wa kuchekwa. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha. Mtu akiisha kuonyesha dalili zake, kupona ni jambo la nadra mno. Mbwa adondokwaye na udenda, tena asiyeweza kula, ni wa kuogopwa kweli. Mkulima hakubishana nao. Aliingia ndani akaleta cheti cha chanjo, akawaonyesha ya kuwa mbwa alichanjwa mwaka ule ule. Walakini hakumtia mkono kinywani, na mwanawe akamkataza kumgusa. Wazee wakaona kwamba mbwa anakunywa maji, naye anawatambua watu wake na kuwatikisia mkia. Wakakubali angoje mpaka daktari wa wanyama amwone.

Basi kulipopambazuka, akamtia Simba katika tenga kubwa, akampakia juu ya gari lipelekalo mboga sokoni, akashuka naye mpaka Morogoro. Katika mji huo kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na humo hufundishwa madaktari wa wanyama. Kwa hiyo watu wa milima ile wana bahati kuliko wengi.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alikisoma kwanza kile cheti, akamtazama mbwa kwa muda mrefu pasipo kumgusa, akauliza maswali mengi. Ndipo akamchoma sindano ya kumlegeza, akaifunua midomo yake.

Mbwa mzima ana meno 42, na katika hayo manne ni ya chonge, marefu yenye ncha. Chonge la juu la kuume lilikuwa limevunjika nusu, na pale palipovunjika palionekana kitundu cheusi katikati. La kushoto lilikuwa limesimama, lakini nyuma yake limelika sana, kama mti uliokatwa kwa shoka upande mmoja kisha ukaachwa.

"Baba, mbwa huyu hufungwa kwa kitu gani?" akauliza daktari.

"Kwa mnyororo."

"Mnyororo ndio uliomla meno. Ulilisaga jino upande wa nyuma hata likakosa nguvu, na siku moja likavunjika."

Mkulima akanyamaza.

Daktari akamweleza ya kuwa jino si kitu kikavu kama jiwe. Ndani yake mna nyama laini, yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kile kitundu cheusi ni mlango uliofunguka; vijidudu huingia humo, hushuka mpaka kwenye mzizi, na usaha hujikusanya katika mfupa wa taya. Mbwa huumwa kama mtu aumwavyo, ila hujificha. Wengi huzidi kula wakiwa na maumivu, na bwana zao husema, "Mbona anakula? Hana neno."

"Jino lililofunguka haliachwi hivi," akasema. "Ama ling'olewe, ama mzizi wake usafishwe na kuzibwa. Huko Ulaya na Marekani mbwa wa polisi na wa jeshi huzibwa mzizi, tena wengine huvikwa kofia ya chuma juu ya jino, kwa maana kazi yao ni kuuma na kushika. Kazi ya mbwa wako ni nini?"

"Kubweka."

"Basi akipoteza chonge moja ataweza kuishi vema. Vyombo vya kuziba mzizi hapa sina, nami sioni haja ya kukupeleka mbali."

Kisha akataja gharama ya kung'oa. Mkulima akafanya hesabu moyoni: ilikuwa karibu sawa na fedha aliyoiweka ya kununua mbuzi jike. Akaomba siku tatu za kufikiri. Daktari akampa dawa ya kutuliza maumivu, akamwonya asimpe mbwa vidonge vya watu kwa kumhurumia, kwani vingine, kama ibuprofeni, huweza kuwa sumu kwake.

Habari zilipofika kijijini watu walicheka sana. Fedha ya mbuzi kwa jino la mbwa! Jirani, ambaye sasa hakuogopa tena, akaja na koleo la kung'olea misumari, akasema, "Mshike kichwa, mimi nitalivuta bure." Mkulima alikuwa ameisha kuambiwa na daktari kwamba mzizi wa chonge ni mrefu kuliko sehemu ionekanayo, nao umepinda ndani ya mfupa; mtu akilivuta kwa nguvu litavunjika, na mzizi wenye usaha utabaki. Akamshukuru jirani, akakataa.

Usiku akazungumza na mkewe. Alidhani mkewe atamtetea mbuzi, kwa kuwa ndiye aliyemtaka. Naye hakika alimtaka. Alisema maziwa yangewafaa watoto, na mbwa wengine wako wa kupewa bure. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini, Baba watoto, mnyororo aliununua nani?"

Mkulima hakupata usingizi upesi. Kama mbwa angaliumizwa na nguruwe shambani, pengine angalisema ni bahati mbaya, akamwacha. Ila mlio ule chini ya mwembe aliusikia kila siku kwa masikio yake.

Siku ya tatu akashuka tena, mbwa akiwa hakulishwa kitu tangu usiku, kama ilivyoagizwa, kwa ajili ya dawa ya usingizi. Kazi haikuwa ndogo. Daktari alipiga kwanza picha ya mfupa, akaupasua ufizi, akapunguza mfupa kidogo, akalitoa jino zima na mzizi wake, akashona. Mkulima alipoonyeshwa jino lile hakuamini kuwa lilikuwa refu hivyo.

Na lile la kushoto? Daktari alilipitisha sindano pale palipolika, akaona pagumu, hapana tundu. Jino likisagwa polepole huweza kujijengea ukuta mpya kwa ndani, na hili lilikuwa limejijengea. Akashauri liachwe, litazamwe mara kwa mara. Likigeuka rangi au kuvunjika, aletwe upesi. Hakuahidi kwamba litadumu.

Majuma mawili Simba alikula uji na ugali laini. Baadaye akarudi shambani, na mahindi ya mwaka ule yakavunwa. Mchana hukaa katika ua wa miti uliojengwa na mkulima na mwanawe, na kuku wa jirani hupita nje yake. Mnyororo umekuwa wa kufungia mlango wa ghala. Kila mwanzo wa mwezi kijana huifunua midomo ya mbwa, baba yake akimulika kwa tochi, wakalitazama lile chonge la kushoto. Bado limesimama. Mbuzi hajanunuliwa.