Nilifuta akiba, kesho yake mtandao ukakosekana

Ndugu zangu, leo siandiki habari za barabara wala za soko. Naandika juu ya kosa langu mwenyewe, maana linaweza kumsaidia mwingine.

Kila Jumamosi hapa Goma nakaa na vijana sita mbele ya kompyuta yangu moja ya zamani, tunajifunza kuandika programu kwa Python. Mmoja wao ni dada aliyekimbia vita kule Masisi akiwa bado anasomea uuguzi. Nilimwahidi kwamba Jumamosi ile tutachora mapigo ya moyo wa mtu.

Mapigo hayo yapo kweli. Maktaba ya programu iitwayo SciPy inatoa mafaili matatu ya kujifunzia, na moja ni la mapigo ya moyo: dakika 5, vipimo 360 kila sekunde, jumla vipimo 108 000. Toleo la 1.10, la Januari 2023, lilileta mpango mpya: mafaili hayo yanakaa kwenye intaneti. Ukiomba faili mara ya kwanza, programu ndogo iitwayo Pooch inalivuta na kuliweka kwenye folda ya akiba. Mara ya pili haiendi mbali tena, inachukua lililo nyumbani.

Nilikuwa nimeshalivuta zamani. Lakini Ijumaa usiku kompyuta ililalamika kwamba nafasi imejaa. Nikaona folda ya akiba, nikaidhani takataka, nikaifuta.

Asubuhi mtandao haukuwepo mjini. Faili lile ni dogo kuliko wimbo mmoja wa kwenye telefone, na mega tulikuwa nazo, lakini zingefanya nini? Tuliona maandishi ya kosa tu. Dada akaniuliza kwa upole: “Mwalimu, sasa turudi nyumbani?” Alikuwa ametembea zaidi ya saa moja.

Kijana mmoja akakumbuka kwamba kaka yake alifanya somo hilo nami mwezi uliopita. Akakimbia na flashi, akarudi anahema. Tukaweka faili kwenye folda ya akiba, Pooch ikalikataa. Kumbe alichomoa flashi kabla nakala haijaisha. Kila faili lina alama yake ya herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole. Pooch inaikokotoa upya na kulinganisha. Zikitofautiana, inataka kulivuta faili upya kutoka intaneti.

Akakimbia mara ya pili. Safari hii alama zililingana, na mstari wa moyo ukajitokeza kwenye kioo. Dada akaweka kidole: “Hapa pigo limekuja mapema. Huyu mtu anaumwa.” Alisema kweli, kwani vipimo vile vilitoka kwa mtu ambaye moyo wake haupigi sawasawa. Mpaka saa sita mchana yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu.

Kwa hiyo, ninyi mnaofundisha vijana: siku mtandao ukiwepo, tumieni amri ya download_all ya SciPy, inaleta mafaili yote matatu mara moja. Nakilini kwenye flashi, na nakala nyingine muiache kwa jirani. Waliowahi kukimbia na karatasi za shule kifuani hawahitaji kuelezwa sababu.

Nakala yangu sasa inakaa kwa dada yule.