Reli Iliyoota Majani



Wapendwa waamini, majuma matatu yamepita bila ukurasa huu kuandikwa, na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Wengi mnajua kwamba mwezi Julai 2025 Baba Askofu alinituma Marekani, kuhubiri katika parokia kadhaa na kuwaeleza waamini wa huko habari za uinjilishaji jimboni kwetu, kama wafanyavyo mapadre wengi wa Afrika kila majira ya joto. Taarifa ya michango nimekwisha kuitoa kanisani, sina haja ya kuirudia. Leo napenda kuwasimulia matembezi ya mchana mmoja, ambayo tangu nirudi hayajaniacha nikalala vizuri.

Yuko binti aliyelelewa katika parokia yetu, akaimba kwaya hapa, na sasa ni muuguzi katika jimbo la New Jersey. Siku yake ya mapumziko alinifuata akaniambia, "Padre, leo nakupeleka New York, mahali ambapo treni zimegeuka maua." Nilidhani ananitania. Tukavuka mto Hudson, tukafika upande wa magharibi wa Manhattan, tukapanda ngazi za chuma penye mtaa uitwao Gansevoort. Huko juu, kama mita 9 kutoka ardhini, nikaona kweli: njia ya reli juu ya nguzo za chuma, na katikati ya reli zenyewe majani marefu, maua ya zambarau na ya njano, miti midogo, nyuki. Mahali hapo panaitwa High Line. Urefu wake ni kilometa 2.3 hivi, na kuingia ni bure. Hilo la mwisho lilinifurahisha zaidi kuliko yote, kwa maana katika mji ule hata kukaa kitini huhitaji fedha.

Historia yake binti yule aliijua vizuri, na mengine niliyasoma baadaye. Katika karne ya 19 treni za mizigo zilipita chini kabisa, katikati ya Barabara ya Kumi, miongoni mwa watu, farasi na mikokoteni. Zikaua watu wengi, wakiwemo watoto, hata wenyeji wakaiita Barabara ya Mauti. Kampuni ya reli ikalazimika kuweka wapanda farasi waliotangulia mbele ya treni wakipunga bendera nyekundu ili watu wapishe. Hebu fikirini, mtu ambaye kazi yake ya maisha ni kwenda mbele ya kifo akipiga kelele! Nami nikafikiri, je, si ndiyo kazi ya padre? Lakini niache hayo. Hatimaye wakakubaliana kuiinua reli, na mwaka 1934 njia hii ya juu ikafunguliwa. Ilipita nyuma ya viwanda, na mahali pengine ndani ya viwanda vyenyewe, hivi kwamba nyama, maziwa na unga vilipakuliwa ghorofani bila kugusa barabara.

Kisha yakaja malori. Treni zikapungua, na ya mwisho ikapita mwaka 1980, inasemekana ikivuta mabehewa matatu ya bata mzinga waliogandishwa. Baada ya hapo, kimya. Upepo na ndege wakaleta mbegu, mbegu zikaota katikati ya kokoto na mataruma, na kwa miaka karibu 20 kukawa na mbuga ya majani juu ya mji, isiyopandwa na mtu wala kumwagiliwa na mtu. Wenye viwanja vya chini walitaka chuma kile kibomolewe. Bwana mmoja aliyependa sana reli, Peter Obletz, aliinunua njia hiyo mwaka 1984 kwa dola 10 tu, akahangaika mahakamani kwa miaka kadhaa, akashindwa, akafa mwaka 1996 bila kuona lolote. Mwaka 1999 vijana wawili wa mtaa ule, Joshua David na Robert Hammond, waliokutana kwenye kikao cha wenyeji wakiwa hawajuani, wakaunda chama cha kuitetea. Walikuwa na mfano wa Paris, ambako reli ya juu iliyoachwa ilikwisha kufanywa bustani mwaka 1993. Sehemu ya kwanza ya bustani yao ikafunguliwa Juni 2009, ya pili 2011, ya tatu 2014. Mtaalamu wa mimea aliyeipanda, Mholanzi aitwaye Piet Oudolf, hakuleta mawaridi ya ikulu. Alichagua nyasi na maua ya kufanana na yale yaliyojiotea wakati wa upweke.

Ndugu zangu, niliguswa sana. Babu yangu mzaa baba alikuwa kibarua katika reli ya Kusini, ile iliyojengwa kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ulianza mwaka 1947, ukafutwa mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Babu alibaki na nyundo moja ya kugongea misumari ya mataruma, na sisi wajukuu tuliitumia kuvunjia korosho. Nilipogusa reli ya High Line, iliyopata joto la jua, nilikumbuka ile nyundo. Nikasema moyoni, huku wanajua kuhifadhi. Nikamwambia binti, "Mwanangu, hiki nitakihubiri." Nilikwisha kuyapanga mahubiri kichwani: jiwe walilolikataa waashi, Ezekieli na mifupa mikavu, yote yalikuwa tayari. Mngeyapenda.

Tukaendelea kutembea. Penye Mtaa wa 17 bustani hushuka kama ukumbi wenye ngazi za mbao, na mbele yake kuna vioo vikubwa. Watu hukaa hapo wakitazama magari ya Barabara ya Kumi yakipita chini yao. Tukakaa. Binti akanunua malai mawili kwa muuzaji aliyekuwa na kigari chake mle mle bustanini. Mbele kidogo, Mtaa wa 21, kando kabisa ya njia, lipo Kanisa la Malaika Mlinzi lililojengwa mwaka 1930, ambalo waamini wake wa zamani walikuwa mabaharia na wapagazi wa bandari. Tukasali Salamu Maria tukiwa juu, kanisa likiwa chini yetu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Kutoka hapo majengo yalianza kubadilika. Majumba mapya ya vioo yamesogea hadi ukingoni mwa bustani, mengine unaweza kumwona mtu sebuleni kwake anakunywa kahawa. Liko moja lililosanifiwa na Zaha Hadid, yule mama mzaliwa wa Iraki, linavyopinda utadhani ni mawimbi. Nikauliza bei. Binti akacheka. "Padre, mshahara wangu wa maisha yote hautoshi mlango." Kisha akanyamaza, akanionyesha upande wa mashariki majengo ya matofali mekundu, nyumba za umma za watu wa kipato kidogo. Akanieleza kuwa alipofika Marekani alipanga chumba na mama mmoja mtaani pale chini, na mwenye nyumba akapandisha kodi mara mbili mfululizo, wakahama. Duka walikonunua mchele likafungwa, likawa duka la picha za kuchora. "Bustani ni nzuri," alisema. "Mimi mwenyewe naipenda. Ila mama yule hajawahi kupanda ngazi zile. Anasema si yake."

Baadaye nilisoma kwamba Hammond mwenyewe, mmoja wa wale vijana wawili, alikiri hadharani mwaka 2017 kuwa walishindwa. Walitaka kuwafanyia jambo jema majirani zao, lakini waliofaidi zaidi wakawa wengine. Alisema walikuwa wakiwauliza watu bustani iweje, wakati swali la kuuliza lilikuwa: tuwafanyie nini ninyi? Sijui kama mtu yule husali. Lakini ungamo lake ni la mtu aliyechunguza dhamiri, maana hakumsingizia halmashauri ya jiji wala matajiri.

Na hapo, ndugu zangu, mahubiri yangu yaliharibika.

Mnaifahamu bustani yetu ya sala, yenye groto ya Mama Bikira Maria. Wageni wanaisifu, maharusi wanapigia picha, nami nimepokea pongezi nyingi hata nikazizoea. Mnakumbuka pia palikuwaje kabla ya mwaka 2024. Kando ya uzio ule, chini ya mwarobaini, walikuwepo akina mama sita: wa vitumbua, wa mihogo, wa uji, wa chai na maandazi, na wawili wa mboga. Baadhi yao walikuwepo kabla mimi sijapewa daraja la upadre. Ramani ya bustani ilipoletwa, ukuta ulipita juu ya majiko yao. Mzee mmoja wa Halmashauri Walei aliinua mkono akauliza, "Baba, hawa mama wataenda wapi?" Nikamjibu kwamba nyumba ya Mungu si soko, na kwamba Mungu atawafungulia njia. Watu wakapiga makofi. Mzee akakaa. Nilitumia mjeledi wa Bwana wetu, uliowafukuza wabadili fedha Hekaluni, kumfukuza mama wa vitumbua.

Liko jambo baya zaidi. Somo la Jumatatu tarehe 17 Juni 2024, juma la 11 la Mwaka, lilikuwa habari za shamba la Nabothi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Nilihubiri kwa ukali juu ya mfalme Ahabu. Juma hilo hilo mafundi walikuja kupima ukuta. Someni tena sura ile ya 21, mtaona Ahabu alilitakia nini shamba la maskini: alitaka bustani, karibu na nyumba yake. Niliyasoma maneno hayo mwenyewe mimbarini, na sikuyasikia.

Nilimweleza binti haya tukiwa karibu na mwisho wa njia, Mtaa wa 34, ambako sehemu ya reli ya zamani imeachwa na majani yake kama yalivyoota. Hakunifariji. Aliuliza tu, "Mama wa vitumbua yuko wapi siku hizi?" Vitumbua vyake ndivyo vilivyomsomesha shule ya msingi, kwa maana alikuwa akila kwa mkopo na mama yake analipa mwisho wa mwezi. Sikuwa na jibu. Paroko, asiyejua alipo mwamini wake anayempa Komunyo!

Niliporudi nilimtafuta. Yuko stendi ya mabasi, nyuma ya choo cha kulipia, analipa ushuru kila siku. Nilimwamkia, akafuta mikono kwa khanga, akanipa kigoda. Sikujua nianzie wapi, nikauliza biashara inaendeleaje. Akasema, "Baba, pale kanisani watu walinifahamu. Asiye na hela leo alileta kesho. Hapa abiria anapanda basi, ndiyo kwaheri." Akaendelea kugeuza vitumbua. Nikasema nimekuja kuomba radhi, kwa sababu nilijenga ukuta bila kuzungumza nao. Akakaa kimya kitambo. Nikauliza lile swali nililolibeba kutoka New York: sasa tuwafanyie nini?

"Swali hilo, Baba," alisema, "ungeniuliza kabla ya matofali."

Nilistahili. Nikanunua vitumbua kumi, akakataa kupokea fedha, tukabishana mpaka wateja wakaanza kucheka, mwisho akapokea. Wakati naondoka akasema kwamba ukuta si lazima ubomolewe, maana Mama Bikira Maria amekwisha kukaa. Lakini upande wa barabara ya shule ipo nafasi ya hatua kama ishirini kati ya lango na mtaro, penye kivuli asubuhi. Yeye alikwisha kuipima kwa macho zamani. Mimi napita hapo kila siku na sijawahi kuiona.

Kwa hiyo, Halmashauri Walei itakaa kuzungumzia nafasi hiyo. Nilikuwa nimeitisha kikao Jumamosi saa nne, mama akaniambia kwamba Jumamosi ni siku ya gulio na hawezi kuacha jiko. Basi kikao kimehamishiwa Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, katika ukumbi mdogo. Mzee aliyeuliza lile swali mwaka juzi nimemwomba awe mwenyekiti wa kikao, nami nitakaa upande wa wajumbe. Akina mama watatu wameahidi kuja. Mmoja amerudi kijijini kwao. Wawili bado sijawapata: anayejua alikohamia mama wa mihogo, na yule wa mboga aliyekuwa na mtoto wa mgongoni, naomba sana aniambie kabla ya Alhamisi.

Wenu katika Kristo,
Paroko