Malkia Huvua Mabawa Yake Mwenyewe

Mvua kubwa ya vuli ikikatika jioni, watoto wa kijijini kwetu hukimbilia penye taa. Wanafuata kumbikumbi. Wanabeba beseni la maji na mfuko wa nailoni, na kesho yake asubuhi kila nyumba inanukia kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi. Mimi nami hukimbilia taa hizohizo, ila ninachotafuta si cha kula. Huu ni mwaka wa tatu, na majirani wameshazoea kuniona nimechuchumaa ukutani, tochi mdomoni, vichupa vimejaa mfukoni.

Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, na mchwa ni ndugu wa mende. Ninayemtafuta mimi ni malkia wa sisimizi, ambaye ndugu zake ni nyuki na nyigu. Chini ya taa moja wote wawili huanguka pamoja, na jicho la haraka haliwatofautishi. Lakini kumbikumbi ana mabawa manne yaliyolingana urefu, na mwili wake umenyooka bila kiuno. Malkia wa sisimizi ana kiuno kilichobanwa, mabawa ya mbele yamezidi ya nyuma, na vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko. Ukishavijua vitu hivyo vitatu, huwezi tena kutazama rundo la wadudu chini ya taa kama takataka.

Naishi Amani, Usambara Mashariki, mahali ambapo barabara ya kutoka Muheza inavuka bonde la mto Zigi, inapanda kona kwa kona msituni, kisha inatokea kwenye chai. Tupo kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mvua hapa hufika karibu milimita 1,900 kwa mwaka na hakuna mwezi inayokosa kabisa, kwa hiyo kumwambia mtu wa Amani kwamba sisimizi huruka "baada ya mvua" ni sawa na kumwambia wanaruka siku za wiki. Ilinibidi nijifunze dalili nyingine. Siku ya kuruka mara nyingi hutanguliwa na siku kadhaa kavu, kisha mvua, kisha hewa yenye joto na unyevu isiyotikisa hata jani la mgomba. Vibarua hutoka mlangoni mwa kiota na kuzunguka ovyo kama watu wa nyumba yenye harusi. Madume hutokeza vichwa, hurudi ndani, hutokeza tena. Halafu, kama vile mtu amepiga filimbi, wote huondoka, na viota vingine vya aina hiyohiyo, hata vya mbali, huruka jioni ileile. Kwa kufanya hivyo malkia wa kiota hiki hukutana na dume wa kiota kingine badala ya kaka yake.

Siku hiyo ndiyo siku pekee ya maisha yao angani. Dume akishapandana, kazi yake imekwisha na hufa baada ya muda mfupi. Malkia huhifadhi mbegu za kiume kwenye kifuko kidogo tumboni, na atazitumia maisha yake yote bila kupandana tena. Yai analolirutubisha huwa jike. Asiporutubisha, huwa dume. Nilipomweleza bibi kwamba dume wa sisimizi ana mama lakini hana baba, alicheka hadi akaweka ungo chini. "Hao wapo hata hapa kijijini, mjukuu wangu," alisema.

Kisha malkia hutua, na hapo hufanya jambo lililonifanya nianze kuwafuatilia. Huyakunja mabawa, huyakandamiza kwa miguu na kuyang'oa mwenyewe. Niliona kwa mara ya kwanza kwenye ngazi za nyumba yetu: malkia mweusi wa jenasi ya Camponotus, urefu wa kucha ya kidole gumba, akihangaika kama mtu anayevua koti lililombana. Ilichukua dakika chache tu. Mabawa yalibaki kwenye saruji, naye akaenda zake akipapasa nyufa, akitafuta mahali pa kujifungia. Wa aina hiyo hawatoki tena kutafuta chakula. Misuli mikubwa ya kifuani iliyoendesha mabawa sasa haina kazi, basi mwili huiyeyusha na kuigeuza lishe. Kwa lishe hiyo hulisha mabuu ya kwanza. Watoto wake wa kwanza huwa vibarua wadogo kuliko kawaida, kwa sababu wamelelewa na mama aliyekuwa akijila mwenyewe.

Haya yote unaweza kuyashuhudia mezani. Chukua testi tyubu, jaza maji theluthi moja, yazibe kwa pamba, mwingize malkia, ziba mdomo kwa pamba nyingine, kisha iweke kabatini gizani. Sehemu ngumu ni kutofungua kabati. Mimi huangalia mara moja kwa wiki. Mayai huonekana kwanza, kama punje za chumvi zilizoshikana. Baadaye mabuu, baadaye pupa, na wiki kadhaa tangu siku ya kuruka, kiumbe mmoja wa rangi hafifu anasimama kando ya mama yake akitikisa vipapasio. Nchini Ujerumani malkia mmoja wa Lasius niger aliwahi kuishi kizuizini zaidi ya miaka 28. Mimi nina miaka 26. Nikitazama kichupa nakumbuka kwamba ndani yake huenda kuna mtu wa kuishi naye hadi nizeeke.

Si wote wanaofuata utaratibu huo. Kuna usiku ambapo mdudu mkubwa wa kahawia, mwenye tumbo refu kama soseji, huingia ndani akivuma na kugonga balbu, na kila mtu hudhani ni nyigu. Huyo ni dume wa siafu. Watu wa Amani tunawajua siafu vizuri mno: wakiingia nyumbani usiku, wewe ndiye unayetoka, na ukirudi asubuhi hukuti mende wala panya. Lakini ni wachache wanaoamini kwamba yule mdudu wa kwenye balbu ni mtoto wao. Malkia wa siafu hana mabawa hata siku moja. Ni mkubwa, sentimita 5 hivi, na huishi katikati ya mamilioni ya vibarua. Dume ndiye husafiri. Akikutana na msafara wa kundi lingine, vibarua humkamata, humkata mabawa na kumburura hadi kwa malkia wao. Ng'ambo ya bustani ya Amani bado yapo majengo ya taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mtaalamu wao wa wadudu, Julius Vosseler, aliwachunguza siafu hawahawa na kuandika habari zao mwaka 1905. Zaidi ya karne imepita, na bado jirani yangu huwapiga madume hao kwa ndala.

Mambo yangu yangebaki ya kuchekesha kijiji kama nisingepata ujumbe wa WhatsApp mwanzoni mwa mwaka 2025. Mtu nisiyemjua, mwenye namba ya nje, alikuwa ameona picha yangu ya malkia. Kiingereza chake kilikuwa cha adabu. Aliuliza nina wangapi, ninaweza kupata wangapi zaidi msimu ukifika, na kama najua kufunga vifurushi. Alitaja dola 40 kwa kila malkia.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa kujitolea. Posho yangu ya mwezi, mwezi inapopatikana, haifiki malkia wawili kwa bei ile. Mdogo wangu yupo chuo cha uuguzi, na wakati huo alikuwa amepewa wiki mbili amalizie ada au asifanye mtihani. Mama anachuma chai. Nilikaa na simu mkononi nikipiga hesabu, na kila nilipoipiga ilitoka vizuri.

Nilimjibu kwamba sheria haziruhusu. Hifadhi ya mazingira asilia ya Amani inalindwa tangu mwaka 1997 na huwezi kuchukua kitu humo bila kibali. Zaidi ya hapo, mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Akajibu kwamba nilikuwa nawaokota kwenye ngazi za nyumbani, si hifadhini, na kwamba malkia wengi hufa hata hivyo.

Hoja hiyo ya mwisho ilinikosesha usingizi, kwa sababu ni ya kweli. Kati ya malkia wanaoruka jioni moja, karibu wote hawafiki popote. Huliwa na ndege, vyura, mijusi na sisimizi wengine, au hufa kwa ukungu ndani ya mashimo yao. Nikiwachukua ishirini, nani atajua?

Mwezi wa Aprili habari ikatoka Kenya. Vijana wawili wa Ubelgiji, wenye miaka 19, walikutwa kwenye nyumba ya wageni Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000 ndani ya testi tyubu zaidi ya 2,200 zenye pamba. Wengi walikuwa malkia wa Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wavuna mbegu wa nyika za Afrika Mashariki. Vyombo vya habari viliripoti kwamba Ulaya mmoja huweza kuuzwa hadi dola 220. Katika kesi nyingine iliyosikilizwa sambamba, Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja walishtakiwa kwa kukutwa na sisimizi mia kadhaa. Tarehe 7 Mei mahakama iliwahukumu wote wanne faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12.

Nilitazama picha za zile testi tyubu kwa muda mrefu. Zilikuwa kama zangu. Pamba ileile, maji yaleyale. Na nikatambua kwamba dola 40 nilizotajiwa hazikuwa bei ya malkia. Zilikuwa bei ya mtu wa kumwinamia.

Sisi wa Usambara tulipaswa kulijua hilo bila kufundishwa. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani wa huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya milima hii. Mwaka uliofuata lilipewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote, Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen, na ndugu zake wa porini wanapungua kwa sababu msitu wao unapungua. Mizigo ilikuja pia upande huu. Mwaka 1893 miche 62 ya mkonge iliyonusurika safari kutoka Amerika ilipandwa Tanga, ikajenga reli, mashamba na utajiri wa watu wengine. Na bustani ya Amani ilileta mti wa Maesopsis eminii, ambao ulitoka bustanini ukaingia msituni, na hadi sasa haujatoka. Kiumbe kikishahamishwa, aliyekihamisha hawezi tena kusema kitaishia wapi. Malkia mmoja aliyetoroka kwenye kichupa cha mtu huko ng'ambo anabeba tumboni mbegu za kutosha kuanzisha taifa.

Bibi alilifikia jambo hilo kwa njia fupi. Nilimweleza kuhusu mnunuzi.

"Huyo malkia ana watoto?"

"Bado, bibi. Ndiyo kwanza ametua."

"Basi anayenunua hanunui mdudu mmoja," alisema, akaendelea kupepeta.

Kuhusu wale wanaokufa, jibu nililipata nikiwa nimekaa kwenye ngazi, nikimtazama chura akiwalamba madume mmoja baada ya mwingine hadi tumbo likamgusa ardhi. Hakuna anayekufa bure jioni hiyo. Wanaoanguka ni karamu ya msitu, kama kumbikumbi walivyo karamu yetu. Waliofungwa kwenye kifurushi hawamlishi yeyote hapa. Nilimwandikia mnunuzi mstari mmoja wa kukataa na shukrani, nikaizuia namba yake. Ada ya mdogo wangu tuliimalizia kwa mkopo wa kikundi cha mama, na bado tunaulipa.

Siku hizi ninaye malkia mmoja tu kwa msimu. Akishapata vibarua kumi na kitu, namrudisha pale nilipomwokota, jioni yenye unyevu, na kumwekea kipande cha gogo lililooza. Ninachokusanya zaidi ni tarehe. Daftari langu lina safu za siku, saa, mvua ya siku mbili zilizotangulia, upepo, aina na idadi. Ni kazi isiyohitaji maabara. Inahitaji mtu anayeishi hapa, aliye macho saa moja jioni, na hilo hakuna mgeni anayeweza kulifanya kwa wiki mbili za ziara.

Nina wanafunzi wanne wa kidato cha pili wanaonisaidia. Mmoja wao, binti anayeishi karibu na kiwanda cha chai, amegundua kwamba kwao sisimizi weusi wakubwa huruka usiku mmoja kabla ya kwetu. Tumejaribu kueleza sababu: pengine ni taa za kiwanda, pengine ni joto la bonde, pengine ni aina nyingine kabisa. Wiki ijayo atakuja na malkia mmoja kwenye kopo la dawa, tuhesabu vipingili vya vipapasio vyake chini ya lenzi.